Vyuma vya Kufungulia Kufuli: Kosa Liko Katika Chuma au Katika Nia?

Wiki chache zilizopita alinijia nyumbani kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu wa hesabu katika skuli ya msingi, mtu wa haya na adabu ambaye sijapata kulisikia jina lake likitajwa katika ugomvi wala katika deni. Alipiga hodi baada ya sala ya alasiri, akaamkia, akakaa pembeni kabisa ya baraza kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nilipomsihi aseme lililomleta, alinieleza kisa ambacho tangu siku ile hakijanitoka moyoni, na ambacho naona kinastahili kufikishwa mbele ya wasomaji wa safu hii, na zaidi mbele ya wale wenye dhamana ya kutunga sheria na kuzisimamia.

Kijana huyu ana mchezo wake. Wenziwe hucheza bao, wengine karata, wengine hufuga njiwa. Yeye hupenda kufungua kufuli bila ya ufunguo. Hununua makufuli makuukuu kwa wauza vyuma chakavu, huyaosha kwa mafuta ya taa, kisha hukaa nayo usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akiyachokonoa kwa vijichuma vyembamba mpaka yakubali. Vijichuma hivyo vingine aliviagiza, vingine alivitengeneza mwenyewe kwa kusugua vipande vya msumeno wa chuma juu ya jiwe la kunolea. Usiku mmoja alikuwa akirejea kutoka kwa rafiki yake, ambako walikuwa wakishindana nani atalifungua kwanza kufuli la shaba aliloliacha babu wa rafiki huyo na ambalo ufunguo wake ulikwisha kupotea zamani. Askari wa doria walimsimamisha, wakampekua, wakavikuta vile vyuma ndani ya mfuko wa kitambaa. Alilala kituoni juu ya benchi. Asubuhi aliachiwa bila ya kufunguliwa mashtaka, lakini vyuma vyake vilibaki huko, wala hakupewa hati yoyote ya kuonyesha kwamba vimechukuliwa.

"Ami," aliniuliza, "nimekosa nini?"

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza halikuwa la kumpendeza. Nilimwambia kuwa mtu anayetembea usiku na vyuma vya kufungulia kufuli asistaajabu akidhaniwa mwizi. Hata jina la vyuma hivyo katika midomo ya watu ni baya: huitwa funguo malaya, jina ambalo limekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Lakini alipokwisha kuondoka nilianza kujiuliza kama nilikuwa nimemjibu kwa sheria au kwa khofu tu. Nikaona hapana budi kulitafuta jambo hili tangu mizizi yake.

Kwanza msomaji aelewe mchezo wenyewe ni wa nini. Makufuli mengi yanayouzwa madukani siku hizi yana silinda ndogo inayozunguka ndani ya nyumba yake ya chuma. Silinda hiyo huzuiwa na vipini vidogo vilivyopangwa safu moja, kila kimoja kikiwa kimekatwa vipande viwili na kusukumwa na springi. Ufunguo wa haki huvinyanyua vyote kwa kadiri inayotakiwa, hata mpaka kati ya vipande viwili ukalingana na ukingo wa silinda. Hapo silinda huzunguka na kufuli hufunguka. Asiye na ufunguo hulazimika kukitafuta kila kipini peke yake kwa kugusa na kusikiliza, huku akiikaza silinda kidogo sana kwa mkono wa pili. Kazi hiyo huwezekana kwa sababu hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu yaliyonyooka pasipo kasoro hata ya unywele. Kijana wetu aliniambia kwamba kila kufuli lina tabia yake, na kwamba kufuli la bei ndogo hujisaliti kwa dakika moja ilhali jingine huweza kumkalisha mwezi mzima. Katika maneno yake sikusikia tamaa ya mali ya mtu. Nilisikia yale yale ninayoyasikia kwa wacheza bao wanapozungumzia namna ya kumfunga mpinzani.

Wala ufundi huu si wa jana. Kanuni ya vipini ilijulikana Misri ya kale, ambako makufuli yalikuwa ya mti na ufunguo wake ulikuwa gongo lenye meno. Mmarekani Linus Yale mdogo, katika miaka ya 1860, aliitia kanuni hiyo hiyo ndani ya silinda ndogo ya chuma yenye ufunguo bapa, na kwa sehemu kubwa ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Sisi wa Visiwani, ambao milango yetu ya nakshi yenye minyororo na tumbuu imeutangaza Mji Mkongwe duniani kote, hatuna sababu ya kuiona elimu ya kufuli kuwa elimu ya wahuni. Waliochonga milango ile, na waliofua vyuma vyake, walihesabiwa mafundi wa heshima.

Hata wafalme waliupenda ufundi huu. Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikuwa na karakana yake ndani ya jumba la kifalme, akijifunza kutengeneza makufuli kwa fundi aitwaye François Gamain. Walimcheka sana kwa hilo, wakisema kuwa mikono yake ilizoea tupa kuliko fimbo ya utawala. Fundi huyo huyo ndiye aliyemsaidia kuficha kabati la chuma ukutani, na ndiye aliyekwenda kulifichua kwa waziri wa serikali ya mapinduzi mwezi wa Novemba 1792. Barua zilizotolewa humo zilitumiwa dhidi ya mfalme, na mwezi wa Januari 1793 alikatwa kichwa. Kufuli halikuwa na hila yoyote katika kisa hiki. Aliyefungua siri alikuwa mtu aliyeaminiwa. Nakitaja kwa kuwa wengi wetu tunaweka imani yetu yote katika chuma na kumsahau aliyekishika.

Lakini kisa kinachohusu zaidi shauri letu ni cha London, mwaka 1851, katika yale maonyesho makubwa ya mataifa. Waingereza wakati huo walijisifu kwa makufuli mawili. La kwanza lilikuwa la Chubb, lililobuniwa mwaka 1818, ambalo likichokonolewa hujifunga zaidi na kumjulisha mwenyewe kwamba limeguswa. La pili lilikuwa la Joseph Bramah, lililowekwa dirishani mwa duka lake mtaa wa Piccadilly kwa zaidi ya miaka sitini pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Akatokea Mmarekani Alfred Charles Hobbs. La Chubb alilifungua mbele ya mashahidi kwa muda wa dakika 25 hivi. La Bramah lilimchukua saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, lakini nalo lilifunguka, na zawadi akapewa.

Fadhaa ilikuwa kubwa. Magazeti yaliandika, wenye benki wakaingiwa na wasiwasi, na wapo waliosema kwamba kuyafichua mambo kama hayo hadharani ni kuwafundisha wezi kazi. Hobbs na wenzake walijibu kwa hoja ambayo sijaona bado aliyeivunja: wezi wanaijua kazi yao kuliko sisi, na anayebaki gizani ni mwenye nyumba tu. Charles Tomlinson aliieleza hoja hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1853 juu ya utengenezaji wa makufuli. Kilichofuata ni kwamba watengenezaji walirudi karakanani wakaimarisha kazi zao, na Hobbs mwenyewe akafungua kiwanda mjini London. Laiti angelikamatwa na kutiwa ndani siku ya kwanza, Waingereza wangeliendelea kulala nyuma ya makufuli waliyoyadhania imara.

Kuna na kisa kingine, cha karne iliyopita. Mwanasayansi Richard Feynman, wakati wa kazi ya siri ya bomu la atomiki katika miaka ya 1940, alikuwa na mchezo wa kufungua makabati na masanduku ya chuma yaliyohifadhi siri hizo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1985 anasimulia jinsi alivyomwonyesha afisa mmoja mkubwa wa jeshi kwamba sanduku lake linaweza kusomwa namba zake likiachwa wazi. Afisa yule hakuwaamuru watu wake wayafunge masanduku wakati wa kazi. Alichoamuru ni kwamba kila ofisi ambayo Feynman amepita ibadilishe namba zake. Ndugu zangu maofisa mtaniwia radhi, lakini nikikisoma kisa hicho na kukumbuka benchi aliyolalia mwalimu wetu, naona udugu wa karibu.

Siku hizi wenye mchezo huu wana vyama vyao. Ujerumani kipo kimoja kilichoasisiwa Hamburg mwaka 1997, na Uholanzi wapo wenzao. Hukutana hadharani, hushindana, huandika juu ya kasoro za makufuli mapya, na viwanda husikiliza. Masharti yao mawili ya kwanza hujulikana na kila mwanachama: usiguse kufuli lisilo lako bila ya ruhusa, wala usiguse kufuli linalotumika, hata kama ni lako. Hilo la pili lilinishangaza mpaka nilipoelezwa kuwa kuchokonoa huweza kuliharibu kufuli, na mtu akajikuta amelala nje.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndiko swali la kijana liliko.

Uingereza, kwa muda mrefu, ilikuwa na kanuni iliyoandikwa katika Sheria ya Wizi ya mwaka 1916, na kabla yake katika sheria za karne ya kumi na tisa. Kanuni hiyo ilimtia hatiani mtu anayekutwa usiku akiwa na ufunguo, chuma cha kufungulia kufuli, mtaimbo au chombo kingine cha kuvunjia nyumba pasipo sababu halali. Na sheria ikatamka wazi kwamba mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo uko juu ya aliyekutwa nacho. Usiku ulihesabiwa tangu saa tatu mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 1968 Waingereza wakaiandika upya sheria yao ya wizi. Wakaondoa habari ya usiku, wakaweka jambo jingine: kosa ni mtu, akiwa nje ya makazi yake, kuwa na kitu kwa ajili ya kukitumia katika wizi au uvunjaji wa nyumba, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kwa hiyo aliyekaa nyumbani kwake na vyuma vyake hana kosa kwa kuwa navyo tu. Akitoka navyo, mshitaki ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa alikusudia kuiba. Ila sheria inakubali kwamba kitu kilichotengenezwa mahsusi kwa uvunjaji kikikutwa naye, kule kukutwa nacho ni ushahidi dhidi yake. Ni ushahidi tu, wala si hukumu, na mahakama huupima pamoja na mengine yote.

Huku kwetu urithi ni wa aina mbili. Kenya, katika kifungu cha 308 cha Kanuni yake ya Adhabu, wameifuata njia inayofanana na ile ya mwaka 1968: mtu asiye kwenye makazi yake, kitu cha kutumia katika wizi au uvunjaji, na kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitano. Tanzania Bara, katika Sura ya 16, walibaki na ule mtindo wa zamani. Anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba bila ya sababu halali ndiye anayetakiwa kuithibitisha sababu yake. Akikutwa nacho mchana, ni lazima ionekane nia ya kutenda kosa. Sisi wa Visiwani tuna Sheria yetu ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018, iliyoipokea ile ya 2004. Na kabla ya hiyo ilikuwapo ya 1934, ya zama za Waingereza, ambayo nayo ilishika nafasi ya kanuni zilizoletwa kutoka India. Ukoo wa sheria hizi zote ni mmoja, nao ni ukoo wa watu waliozitunga ili kumkamata mtu gizani kabla hajavunja mlango. Kusudio hilo silipingi. Nani asiyetaka mwizi akamatwe kabla badala ya baada?

Tatizo langu ni neno lenyewe, chombo cha kuvunjia nyumba. Ni chombo gani hicho? Mtaimbo umefuliwa kwa ajili ya kung'olea mawe, bisibisi kwa ajili ya kukazia parafujo, na panga kwa ajili ya kufyekea, na vyote hivyo vimekwisha kutumika kuvunjia nyumba za watu. Nyumba zilizovunjwa ambazo nimepata kuziona kwa macho yangu, na kwa bahati mbaya si chache, milango yake ilikuwa imepasuliwa, au tumbuu zimeng'olewa pamoja na kipande cha mti, au dirisha limesukumwa. Sijaona hata moja ambayo kufuli lake lilikutwa limefunguliwa kwa upole na kuwekwa pembeni. Mwizi hana subira ya saa 51. Na yule anayetaka kuingia bila ya kelele haitaji vyuma vya mwalimu wetu: huupata ufunguo wako kwa dakika mbili, akaukandamiza juu ya kipande cha sabuni, akaurejesha msumarini ulipoangikwa, na kesho yake fundi asiyeuliza maswali akamchongea mwenzake. Jambo hilo ndilo ambalo ningependa wakubwa wetu walitazame kabla ya jingine lolote.

Zipo nchi zilizochukua njia kali zaidi. Japani, baada ya wimbi la wizi wa majumbani uliofanywa kwa vyuma hivi hivi, ilitunga mwaka 2003 sheria inayokataza kuwa na vyuma maalumu vya kufungulia kufuli pasipo kazi au sababu ya haki. Huko nia haiulizwi. Kuwa navyo kunatosha, na adhabu iliwekwa kuwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yeni 500,000. Marekani kila jimbo lina lake. Mengi humtaka mshitaki athibitishe nia mbaya, lakini Virginia, mathalan, sheria yake inasema kwamba kukutwa na vyombo vya wizi kwa mtu asiye mfanyabiashara mwenye leseni ni ushahidi wa awali kuwa alikusudia wizi. Wajapani walikuwa na balaa mahsusi nao wakalitungia sheria mahsusi, siwalaumu. Ila nauliza, balaa letu sisi ni hilo?

Naelewa upande wa pili, wala sitaki kuupuuza. Kisiwani watu huacha nyumba zao kwa namna ambayo mtu wa mji mkubwa haielewi. Wavuvi huenda dago wiki nzima au zaidi. Msimu wa karafuu, Pemba, jamaa wazima huhamia makambini, na mlango hubaki na kufuli moja na dua. Mama aliyebaki peke yake na watoto, akisikia kwamba mtaani yupo mtu anayeweza kulifungua kufuli lake kwa dakika moja, hawezi kulazwa usingizi na hotuba yangu juu ya Hobbs. Khofu yake ni ya haki. Nilimwambia hayo yule kijana, naye akanijibu kitu ambacho sikukitarajia: kwamba mama wa rafiki yake, baada ya kuliona kufuli lake likifunguliwa mbele ya macho yake, alikwenda kesho yake kununua jingine lililo imara zaidi, akaongeza na komeo kwa ndani. Kabla ya hapo alikuwa amelala miaka kumi na mbili nyuma ya kufuli bovu.

Vilevile kisiwa kina shida yake nyingine. Ufunguo ukianguka baharini, au ukisahaulika Dar es Salaam, au mtoto akajifungia chumbani, nani wa kuitwa? Mafundi wa kweli wa kazi hii ni wachache na umri wao ni mkubwa. Vijana wanaochonga funguo kwa mashine wapo wengi, lakini kuchonga si kufungua. Nimepata kushuhudia mlango wa kale wa mti mzuri ukipigwa nyundo mpaka ukapasuka kwa kuwa ufunguo wa kitasa ulipotea na hapakuwa na mtu wa kukifungua. Mji wetu umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na milango hiyo ni sehemu ya kilichoandikwa. Ikiwa yupo mwalimu anayejifunza kwa hiari yake, bila ya mshahara, namna ya kulifungua kufuli pasipo kuliumiza, ingekuwa busara tumtafutie wanafunzi, si benchi ya kulalia.

Na vyuma vyenyewe vinaingiaje? Vinakuja kwa vifurushi, vinapita forodhani, na afisa wa forodha huvitazama asijue la kufanya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina Jedwali la Pili linalotaja vitu vilivyopigwa marufuku kuingizwa: fedha za bandia, picha na maandishi ya aibu, viberiti vya fosforasi nyeupe, na vinginevyo. Vyuma vya kufungulia kufuli havikutajwa kwa jina, ingawa Jedwali hilo hilo linakusanya pia kila kitu kilichokatazwa na sheria nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu aweza kuvilipia ushuru bandarini mchana, akapewa risiti ya Serikali, na usiku ule ule akakamatwa navyo njiani. Hali hiyo haimfai raia, wala haimfai askari ambaye ameachwa ajitafutie maana ya sheria akiwa na tochi mkononi.

Nisiseme kwamba askari wale walikosea kumsimamisha. Saa sita usiku, mfuko wa vyuma, kijana asiyefahamika kwao: ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Kosa naliona lilianza baada ya hapo. Hakuulizwa vyema. Rafiki yake, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka hapo na ambaye angethibitisha maneno yake kwa dakika tano, hakuitwa. Na vyuma vilichukuliwa bila ya stakabadhi. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema katika kifungu chake cha sita kwamba ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike. Huyu hata hakushtakiwa. Aliachiwa kama mtu asiye na kosa, na mali yake ikazuiwa kama ya mwenye kosa. Nami sijui hesabu hiyo inafungwa vipi.

Ninalolipendekeza si kubwa. Kuwa na vyuma hivi ndani ya nyumba ya mtu kuachwe kuwe halali kwa lugha iliyo wazi. Kutoka navyo usiku kubaki jambo la kuulizwa, maana hapo wasiwasi wa jamii una msingi. Lakini sababu halali itafsiriwe kuwa ni pamoja na ufundi, mafunzo na mchezo, na askari aelekezwe kuithibitisha sababu hiyo pale pale inapowezekana. Wapo wenzangu waliopendekeza kwamba kila mwenye mchezo huu awe na barua ya Sheha. Mimi nasitasita. Barua ya Sheha ni kitu chema siku ya kwanza. Siku ya mia huwa ni foleni, na siku ya elfu huwa na bei. Afadhali wenye mchezo huu wajiandikishe kama chama, kama wanavyofanya wacheza mpira, wawe na kanuni zao na daftari la wanachama ambalo polisi wanaweza kulitazama wakitaka. Na wachonga funguo, wale wa mashine, watakiwe kuandika jina la kila anayeleta ufunguo kuchongesha. Hapo ndipo ulipo mlango ulio wazi, na hauna hata kufuli.

Yule kijana amekwisha kuandika barua ya adabu, ukurasa mmoja, akiomba arejeshewe vyuma vyake au aelezwe kwa maandishi vimezuiwa kwa kifungu gani. Niliisoma kabla hajaipeleka, nikamtolea maneno mawili makali. Ameipeleka kwa mkono wake na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokewa. Tangu hapo ni wiki tatu. Wahusika wakiwa na maelezo juu ya jambo hili, safu hii itayachapa kama yatakavyoletwa.